Chumba Namba Saba

Aprili, bei nusu. Ndiyo iliyotutoa Migosi,
si mapenzi; tusidanganyane.
Agufana aliiona simuni, akaisoma kwa sauti
kama mtu anayesoma matokeo ya mtoto wa jirani:
"Usiku wa pili bure, hadi mvua zipungue."
Watoto wako bweni. Nikasema haya, twende.

Kutoka Mbita boti ilitubeba sisi, kreti sita za soda,
godoro lililovikwa nailoni
na mwalimu mmoja aliyesinzia amelikumbatia jaketi la kuokolea
kama kifunguamimba wake.
Ziwa lilikuwa na rangi ya chai iliyonyimwa maziwa.
Mfangano ikaja polepole, kichwa mawinguni,
kama mtu asiyetaka kuamshwa.

Vyumba kumi na viwili, wageni wawili.
Viti vimepandana ukumbini, miguu juu.
Menyu ilikuwa na vyakula ishirini na viwili,
na Wasamo, mhudumu, mpishi, mlinzi na karani,
akaifunga taratibu kabla hatujafika ukurasa wa pili:
"Kuna mayai. Kuna sukuma. Omena hakuna,
mbalamwezi imewanyang'anya kazi wenye karabai."
Kisiwani, maji pande zote, tukala mayai.

Usiku huo tuligundua
kwamba kwa miaka kumi na tisa tumezungumza
karo, gesi, nani atamchukua nani, saa ngapi.
Tulipoyatoa hayo, ilibaki mvua juu ya mabati
na kiboko mmoja, mbali, akikoroma kwa niaba yetu.
"Umelala?"
"Bado."
"Hata mimi."

Asubuhi wadudu wa ziwa walisimama juu ya maji
kama moshi wa kijiji kisichokuwepo.
Nilitaka kumwonyesha. Kitanda kitupu.
Nilimkuta namba saba, juu ya ngazi,
suruali imekunjwa hadi magotini,
Wasamo chini ameishikilia kwa mikono miwili,
ukuta nusu chokaa, nusu buluu,
buluu ile ya sketi za shule ya msingi.

Nilisimama mlangoni.
Huyu ndiye mtu ambaye taa ya veranda yetu
imekufa tangu Januari,
na kila Jumamosi huniambia ngazi ni ya kuazima.
Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, yamepangwa.
Ila alikuwa akipiga mluzi.
Sikujua kwamba anajua kupiga mluzi.

"Kageha," akasema bila kugeuka, "nipe brashi ile ndogo.
Kona hii inataka mkono mwembamba."
Si Mama Lodenyi. Kageha.
Nikavua viatu.

Tulipaka mpaka saa nane. Mvua ilikuja, ikaenda,
ikarudi kama mtu aliyesahau mwavuli.
Wasamo akatukaangia mayai tena, akakataa kulipwa,
nasi tukakataa kukataliwa, tukagombana vizuri.
Agufana akasimulia habari za baba yake,
fundi rangi kule Kaimosi, aliyepaka zahanati nzima
akalipwa blanketi.
Lile la mistari. Ninalo.
Nimelifua miaka yote hii nikidhani lilinunuliwa.

Jioni mwezi ukapanda juu ya ziwa, mkubwa, hauna haraka.
Hatukupiga picha. Simu yangu ilikuwa na rangi kwenye kioo.

Sasa tuko Migosi. Jumatatu. Gesi imeisha.
Kiwiko changu kina doa la buluu lisilotoka kwa mafuta ya taa,
wala sijalisugua sana.
Nimeazima ngazi kwa jirani, nimeiegemeza ukutani,
sijasema neno.
Naye amepita mara mbili, ameitazama,
akapiga mluzi kidogo,
akaingia ndani kuuliza kama kuna chai.